Jina Lililozaliwa Huku: Wahindi wa Kenya na Safari ya Mgeni Kuwa Mwenyeji

Maadhimisho ya hekalu ni wakati wa kuhesabu miaka, kuwashukuru walioweka msingi na kuwakumbuka waliotangulia. Ni wakati pia wa kujiuliza swali ambalo katika siku za kawaida hatupati nafasi ya kulitafakari: sisi ni nani, na tulianza lini kuwa hivyo tulivyo? Jibu jepesi liko mdomoni mwa kila mtu: sisi ni Wahindi, wazee wetu walitoka India, nasi tumeishi Kenya kwa vizazi kadhaa. Jibu hilo si la uongo, lakini linaficha jambo kubwa. Wengi wa wazee wetu hawakupanda jahazi wala meli wakiwa "Wahindi". Walipanda wakiwa watu wa Kutch, wa Kathiawar au wa Punjab. Wakiwa Wabhatia, Walohana, Wapatel, au watu wa kijiji fulani na ukoo fulani. Uhindi tunaoujua leo, kama jina la kabila moja kati ya makabila ya nchi hii, umezaliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Uraia wetu nao umezaliwa hapa hapa.

Makala haya yanawahusu wanachama wa hekalu letu, lakini yanawahusu majirani zetu pia, kwa maana kabila halitengenezwi na watu wake peke yao. Hutengenezwa na serikali inayowahesabu, na jirani anayewapa jina, na wenyewe wanapochagua nani ni mwenzao na nani si mwenzao.

Waliofika na majina waliyokuja nayo

Biashara kati ya magharibi ya India na pwani ya Waswahili ni ya kale sana. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Katika karne ya 19, Sayyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja, wafanyabiashara kutoka Kutch walikuwa tayari wamejikita huko. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ndiyo iliyokodishwa ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi. Wafanyabiashara hao hawakuwa na nia ya kuhamia. Wengi waliacha wake na watoto nyumbani, wakakaa msimu au miaka michache, wakarudi.

Kisha ikaja reli. Kuanzia mwaka 1896 hadi reli ilipofika ufukoni mwa Ziwa Victoria mwezi Desemba 1901, serikali ya Uingereza ilileta takriban vibarua 32,000 wa mkataba kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na, kama sote tulivyosimuliwa, kwa simba wa Tsavo. Wengi wa waliosalia walirudi makwao mikataba ilipokwisha. Waliobaki walikuwa karibu 6,700 tu.

Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa, kwani mara nyingi husemwa kwamba Wahindi wote wa Kenya ni wajukuu wa vibarua wa reli. Si kweli. Sehemu kubwa ya jamii yetu inatokana na watu waliokuja baadaye kwa nauli zao wenyewe: wenye maduka, makarani, mafundi seremala na waashi, walimu. Mtu alifungua duka, akamwita mpwa wake amsaidie. Mpwa akapata mtaji, akamwita ndugu yake. Allidina Visram, aliyefika pwani akiwa kijana mdogo, alieneza maduka yake kutoka Bagamoyo na Mombasa hadi Uganda, na wengi walioanza kwake kama wasaidizi wa duka walikuja kuwa wenye maduka wao wenyewe.

Kwa nini hatukuyeyuka

Namna watu walivyosafiri iliamua namna walivyoishi baada ya kufika. Tazama kisiwa cha Trinidad, katika Karibi. Meli ya kwanza ya vibarua wa Kihindi, iitwayo Fatel Razack, ilitia nanga huko tarehe 30 Mei 1845. Hadi mwaka 1917 walikuwa wamefikishwa zaidi ya watu 140,000, karibu wote kwa mkataba wa kazi ya mashamba ya miwa. Katika kambi za Calcutta na ndani ya meli, watu wa tabaka mbalimbali walilala sakafu moja na kula chungu kimoja. Waliosafiri pamoja walianza kuitana ndugu wa meli, na undugu huo ukashika nafasi ya ukoo ulioachwa nyuma. Mashambani hapakuwa na namna ya kutunza kanuni za tabaka. Kwa hiyo baada ya vizazi viwili, tabaka lilikuwa limepoteza nguvu kubwa katika ndoa na katika mlo, na watu wakawa kwa kweli kundi moja.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Aliyekuja kwa nauli yake aliweza kurudi kuoa, kupeleka watoto wakasome, au kuleta mkwe kutoka kijiji kile kile. Bahari ya Hindi haikuwa ukuta, ilikuwa njia. Ndiyo maana katika miji yetu, hata ile midogo, utakuta jumba la Wapatel, jumba la Walohana, ukumbi wa Waoshwal, gurdwara ya Masingasinga, msikiti wa Mabohora na jamatkhana ya Maismailia, kila moja na shule yake au zahanati yake au uwanja wake wa kriketi. Tulifika tukiwa wengi kwa majina, tukabaki wengi kwa majina. Basi ni nini kilichotufanya tuitwe kwa jina moja?

Mikono mitatu

Mkono wa kwanza ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Serikali hiyo haikujali tofauti ya Mlohana na Mpunjabi. Ilikuwa na mafungu matatu ya kutawalia: Wazungu, Waasia, Waafrika, pamoja na fungu la Waarabu. Fungu liliamua mtu akae mtaa gani, asome shule ipi, atibiwe hospitali ipi, alipwe mshahara gani kwa kazi ile ile. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza ilithibitisha kwamba mashamba ya nyanda za juu yasigawiwe Wahindi. Katika mji wa Nairobi, Wahindi wakawa watu wa Ngara, Pangani na Parklands. Waafrika wakasukumwa Pumwani na baadaye Kaloleni. Mtu aliyenyimwa shamba kwa kuwa ni Mhindi, hata kama mwenyewe hajawahi kujiita hivyo, siku hiyo alijua kwamba ni Mhindi.

Mkono wa pili ulikuwa wa jirani. Kiswahili kilikuwa na majina kwa ajili yetu kabla hatujakubaliana jina letu wenyewe. Mhindu wa biashara aliitwa Banyani. Sikh aliitwa Singasinga au Kalasinga, jina ambalo husimuliwa kwamba lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani wa Nairobi aliyeitwa Kala Singh. Tofauti ya Mhindi na Mhindu, yaani mtu wa asili ya India na mfuasi wa dini ya Kihindu, bado inawachanganya wengi hata leo. Na methali haidanganyi: "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Ndani ya maneno hayo matano yumo jirani asiyependwa lakini anayehitajika. Hayo ndiyo yaliyokuwa mahusiano ya duka na mteja kwa miaka mingi, nasi hatuna budi kuisikia methali hiyo bila kukasirika, kwa maana ni kumbukumbu ya historia.

Lakini lugha hiyo hiyo inatunza ushahidi wa namna nyingine. Gari, pesa, laki, bima, hundi, cheti, gunia, bangili, chapati, bajia: hayo yote ni maneno yenye asili ya lugha za India, na hakuna Mswahili anayeyaona kuwa mageni. Neno bepari lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu katika lugha za Kihindi. Siasa za karne ya 20 ndizo zilizolifanya kuwa neno la kushutumu. Upande wetu nao ulikopa. Kigujarati cha Afrika Mashariki husema mogo kwa muhogo na jugu kwa njugu, na mama wa Kigujarati aliyehamia Leicester bado huita chombo chake sufuria. Hata mahindi, chakula cha taifa zima, yanabeba jina la Hindi, ingawa asili ya mmea wenyewe ni bara la Amerika. Zao lililopewa jina la ugeni ndilo leo ugali wa kila nyumba.

Mkono wa tatu ulikuwa wetu wenyewe. Ubaguzi ulipotuunganisha, tulijifunza kusema kwa sauti moja. A. M. Jeevanjee, aliyeteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1909 akiwa wa kwanza asiyekuwa Mzungu, alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Bohora, lakini alizungumza kwa niaba ya Wahindi wote. Mwaka 1914 kikaundwa chama cha East African Indian National Congress, ambamo Mhindu, Mwislamu na Sikh walikaa meza moja. Umoja huo haukuwa imara daima. India ilipogawanyika mwaka 1947, neno "Mhindi" likawa zito kwa Waislamu wenye asili ya maeneo ya Pakistan, na hapo ndipo neno "Mwasia" liliposhika nguvu katika maandishi ya serikali. Katika miaka ya 1950 hata viti vya Baraza vya Waislamu na vya wasio Waislamu vilitenganishwa. Kwa hiyo jina letu lilipanuka na kusinyaa kwa kufuata upepo wa siasa, hapa na ng'ambo.

Si sisi peke yetu

Pengine jirani anayesoma atasema: hayo ni mambo ya wageni, sisi wenyeji makabila yetu yametoka kwa mababu. Kwa heshima yote, historia inaonyesha kwamba mambo yanafanana zaidi ya tunavyodhani. Jina Kalenjin, linalowajumuisha Wanandi, Wakipsigis, Watugen, Wakeiyo na wenzao, lilienea katika miaka ya 1940 kupitia matangazo ya redio na wanafunzi wa shule za sekondari. Asili yake ni usemi wenye maana ya "nakuambia". Watu wa kaya tisa za pwani, wakiwemo Wagiriama, Wadigo, Warabai na Waduruma, waliitwa Wanyika na wengine, jina la dharau. Jina Mijikenda walilichukua wenyewe katika miaka hiyo hiyo ya 1940. Waluhya nao walijenga jina lao la pamoja katika kipindi hicho.

Sababu zilikuwa zile zile. Serikali ilihesabu watu na kugawa nafasi kwa makundi, na kundi dogo lilionekana dhaifu. Watu wakaungana ili wasikike. Makabila hayo hayakuwa ya uongo kwa kuwa yalipata majina mapya. Lugha, mila na undugu vilikuwapo tangu zamani. Kilichozaliwa upya ni mpaka: nani yumo na nani hayumo. Kwa maana hiyo Mhindi wa Kenya, Mkalenjin na Mmijikenda ni majina ya rika moja.

Karatasi na moyo

Kabila ni jambo moja, taifa ni jingine. Lilipofika suala la taifa, jamii yetu iligawanyika, na ni vizuri kukiri hivyo katika kitabu cha maadhimisho kama hiki.

Wapo waliotangulia. Makhan Singh, fundi wa uchapaji aliyefika Kenya akiwa kijana mwaka 1927, aliwaunganisha wafanyakazi wa Kihindi na wa Kiafrika katika vyama vya wafanyakazi wakati sheria na desturi zilitaka wakae mbalimbali. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni mjini Nairobi, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa kwa zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961. Pio Gama Pinto, mwenye asili ya Goa, alizuiliwa vilevile wakati wa hali ya hatari, akawa mbunge baada ya uhuru, kisha akauawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965. Katika kesi ya Kapenguria, mawakili A. R. Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza walisimama upande wa Jomo Kenyatta na wenzake.

Wapo pia, na walikuwa wengi zaidi, waliosita. Katiba ya uhuru ilimfanya kuwa raia moja kwa moja yule aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya. Wengine walipewa miaka miwili, kuanzia tarehe 12 Desemba 1963, waombe uraia. Familia nyingi zilikaa mezani na kupiga hesabu: huyu achukue pasipoti ya Kenya, yule abaki na ya Kiingereza, tuone mambo yatakavyokuwa. Hesabu hiyo ilieleweka kwa watu walioishi nusu karne bila kuulizwa wanataka kuwa nani. Machoni mwa majirani, hata hivyo, ilisomeka kuwa mguu mmoja ndani na mwingine nje.

Mwaka 1967 zikapitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia. Mwanzoni mwa mwaka 1968 maelfu walikimbilia Uingereza, na Uingereza nayo, iliyowapa pasipoti zake, ikafunga mlango kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi mwaka huo. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Hapo hata waliokuwa na karatasi za uraia walijua kwamba karatasi peke yake haimlindi mtu. Sensa zinaonyesha matokeo. Mwaka 1962 Waasia wa Kenya walikuwa zaidi ya 176,000. Katika sensa ya 2019, Wakenya wenye asili ya Asia walikuwa takriban 47,500, pamoja na Waasia wasio raia karibu 43,000.

Kabila la 44

Mwezi Julai 2017 serikali ilitangaza katika Gazeti Rasmi kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni moja ya makabila ya Kenya, na watu wakazoea kusema kabila la 44. Muda mfupi kabla ya hapo Wamakonde, waliotoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na mengineyo ya pwani, walitambuliwa pia, nao wakahesabiwa kuwa la 43. Wengi katika jamii yetu walifurahi, na furaha hiyo ilikuwa na haki yake. Mtoto aliyezaliwa Kisumu, mwana wa aliyezaliwa Kisumu, anachoka kuulizwa kwao ni wapi.

Hata hivyo tusiufanye utambuzi huo kuwa mwisho wa safari. Katika Kenya, kabila ni mlango wa kuingilia taifa, lakini pia linaweza kuwa ukuta wa kujifungia. Kisiwa cha Mauritius, ambako watu wenye asili ya India ndio wengi, kinatupa somo. Katiba yake ya mwaka 1968 iliwagawa wananchi katika jamii za Wahindu, Waislamu, Wachina na wengineo ili kila moja ipate nafasi bungeni. Baadaye nchi hiyo iliona kwamba kuhesabu kwa namna hiyo kunaongeza mgawanyiko, na tangu sensa ya mwaka 1972 wananchi hawajaulizwa tena ni wa jamii ipi. Lakini mgao wa viti vya ziada bungeni umeendelea kutumia takwimu zile zile za 1972. Kulitia kundi katika sheria ni rahisi kuliko kulitoa.

Kwetu sisi, swali ni hili: jina tulilopewa tulijaze nini? Kama "kabila la 44" litakuwa na maana ya kumbi zilizofungwa, shule za watoto wetu peke yao na mahusiano ya mwajiri na mtumishi tu, basi tutakuwa tumepokea fungu la mkoloni na kulibadilisha rangi. Kama litakuwa na maana ya watu wanaojulikana kwa lugha yao na dini yao, lakini wanaokutwa pia katika mkutano wa mtaa, katika harambee ya msiba wa jirani na katika foleni ya kupiga kura, basi jina hilo litakuwa limepata mwili.

Hekalu lina nafasi yake katika kazi hiyo. Wazee waliolijenga walilijenga kwanza ili wasisahau walikotoka. Hiyo ilikuwa kazi ya kizazi chao. Kizazi chetu kina kazi nyingine, ya kuweka kumbukumbu za walikofika. Daftari za duka, picha za harusi, barua za maombi ya uraia, majina ya mafundi wa Kiafrika waliochonga mawe na kubeba zege la majengo yetu: hayo yote ni historia ya hekalu, na mengi yanapotea kila mzee anapoaga dunia. Tunawaomba wanachama wayalete, na majirani watuletee yao. Yaandikwe kwa Kigujarati, kwa Kihindi, kwa Kipunjabi, na yaandikwe kwa Kiswahili pia, ili mjukuu wa mwenye duka na mjukuu wa mteja wake wayasome pamoja.